Volti Mia Tatu Ndani ya Sanduku la Mninga

Mvumo wa amplifaya una noti yake. Umeme wa gridi yetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na ukipenya kwenye sauti ungali mbichi, huvuma kwa kasi hiyohiyo, chini kabisa ya uzi mnene wa gitaa. Ukishapita kwenye rektifaya unakuwa mawimbi 100 kwa sekunde, na kama kapasita za kuchuja zimechoka, hayo ndiyo yanayosikika. Mpiga gitaa hahitaji kifaa cha kupimia ili kutofautisha. Abonyeze uzi wa sita kwenye freti ya tatu: hiyo ni G, mitetemo 98 kwa sekunde. Mvumo ukikaa karibu kabisa na noti hiyo, juu yake kidogo tu, kapasita zitazamwe kwanza. Ukikaa oktavu nzima chini, kapasita hazina kosa; zifuatwe nyaya za hita na mahali ethi ilipofungwa.

Kuna tahadhari moja. Spika ndogo haiwezi kutoa mitetemo 50 waziwazi, hutoa mguno uliochanganyika. Hapo weka kiganja juu ya koni, ngozi itasikia ambacho sikio limekosa.

Ninaousifu hapa ni ufundi wa kutafuta ubovu ndani ya amplifaya ya vali iliyotengenezwa nyumbani. Kuiunda si kazi ya ajabu kwa mwenye mchoro, lehemu na subira. Kuifanya itulie ndiyo shughuli. Amplifaya ya kiwandani ikiharibika, fundi anajua kwamba iliwahi kufanya kazi, kwa hiyo anatafuta kilichobadilika. Ya nyumbani haina ushahidi huo. Huenda haijawahi kuwa nzima hata dakika moja. Mtuhumiwa anaweza kuwa vali, anaweza kuwa rizista, anaweza kuwa mchoro wenyewe, au mkono uliounga waya wa nne mahali pa tano. Fundi hana hali ya zamani ya kuirudia. Ana hesabu tu ya kile ambacho kila nukta ingepaswa kuwa nacho.

Na hesabu hiyo huanza kwenye plagi. Nazungumza nikiwa Ngarambe, wilaya ya Rufiji, kijiji kilicho ukingoni mwa pori ambalo tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wasiokijua kijiji wanalijua jina la Kinjekitile Ngwale. Mwaka 1904 watu walianza kumiminika hapa kufuata maji yake ya dawa. Julai 1905 vita vya Maji Maji vikalipuka kule Umatumbini. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga Kinjekitile huko Mohoro. Novemba ya mwaka uleule wa 1904, huko London, John Ambrose Fleming aliomba hataza ya chupa ya kioo isiyo na hewa, yenye uwezo wa kupitisha umeme upande mmoja tu. Hiyo ndiyo vali ya kwanza. Mwaka 1906, Maji Maji ikiwa bado inapiganwa, Mmarekani Lee de Forest akatia waya mwembamba katikati ya chupa hiyo, na waya huo ukaja kuwa gridi, mlango ambao sauti ndogo ya gitaa inaingilia na kutoka ikiwa kubwa. Sizifungi tarehe hizo kwa fundo lolote. Zimekaa tu jirani.

Maji ya Rufiji nayo yana habari mpya. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mapema 2024. Umeme huo hupanda kwenye laini ya kilovolti 400 kwenda Chalinze, kisha unasambaa nchi nzima. Mwanarufiji ana haki ya kutabasamu kidogo akiona maji yake yanapita juu ya kichwa chake kwa waya, halafu yeye anasubiri yamrudie kupitia nguzo ya mwisho ya laini ndefu. Kwa sababu mwisho wa laini ndefu, volti huchoka. Waya una ukinzani wake. Kadiri watu wanavyowasha vitu, ndivyo volti zinavyobaki njiani. Mashine ya kusaga ikiamka, taa zinafifia, na mita iliyosoma 230 asubuhi inasoma 190 au chini ya hapo saa mbili za usiku.

Kwa simu hilo si kitu, chaja yake inajirekebisha. Kwa vali ni jambo kubwa, kwa kuwa transfoma ya vali hairekebishi chochote. Inagawa tu kwa uwiano. Vali kama EL84 inataka volti 6.3 kwenye hita ili kathodi ipate joto la kutoa elektroni. Plagi ikishuka kutoka 230 hadi 180, hita inapata 4.9. Sauti inalegea, noti za besi zinakuwa uji, na mpiga gitaa anamwambia fundi kwamba vali zimekufa. Hazijafa. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mzuri haliko ndani ya sanduku. Anapima ukuta. Anapima tena mashine ya kusaga ikilia. Anaandika.

Vali zenyewe tulizirithi. Redio kubwa za mbao za miaka ya 1950 na 1960, Philips hasa, zile zenye jicho la kijani linalofumba na kufumbua ukitafuta stesheni, ndani yake mna karibu kila kitu: EL84 ya kutolea sauti, rektifaya ya EZ80, transfoma mbili, na nyuma kitufe cha kuchagua volti kuanzia 110 hadi 240 na ushee. ECC83 ya kukuzia gitaa ilikuwa haba zaidi redioni, lakini hiyo bado inatengenezwa hadi leo, Slovakia, Urusi na China. Ukiongeza spika na sanduku la mninga, unapata amplifaya ya wati tano. Wati tano ni chache kwenye karatasi. Uani, usiku, zinatosha kumwamsha jirani.

Kwa nini tusumbuke, wakati amplifaya ya chipu inauzwa Kariakoo kwa bei ya mfuko wa saruji au miwili? Nina jibu moja ninaloliamini. Chipu ikifa, inakufa yote, tena mara nyingi namba yake imekwanguliwa kiwandani ili usijue ununue nini. Vali hufa polepole na hujieleza. Ina miguu tisa, na kila mguu unaweza kuulizwa swali lake. Kwa mtu aliye mbali na duka, kitu kinachoulizika kina thamani kuliko kitu cha bei rahisi.

Lakini kabla ya kuuliza, adabu. Ndani ya sanduku kuna volti 300 za mkondo mnyoofu, na hazitoki kwa kuchomoa plagi. Kapasita ya mikrofaradi 47 inaweza kuzishika muda mrefu kama hakuna cha kuzimwaga. Fundi huunga rizista ya kilo-omu 100 kati yake na ethi: 47 mara 100 ni milisekunde 4,700, yaani sekunde 4.7, na baada ya mara tano ya muda huo, kama sekunde 24, kilichobaki hakiui. Anahakikisha kwa mita, haamini hesabu peke yake. Akipima ikiwa hai, mkono mmoja unakaa mfukoni au mgongoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Nimeona watu wakilidharau hili kwa sababu waliwahi kurushwa na plagi wakapona. Mkondo mnyoofu wa kapasita ni habari nyingine.

Na kuna balbu. Amplifaya mpya haichomekwi ukutani moja kwa moja. Inapitishwa kwanza kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Maduka ya siku hizi yamejaa taa za LED, ambazo kwa kazi hii hazifai kabisa, kwa hiyo fundi mwenye balbu mbili tatu za zamani anazificha kuliko fedha.

Sasa tufike kwenye ugonjwa ninaoupenda, kama inafaa kusema hivyo: vali inayoiva nyekundu. Bamba la ndani, anodi, ambalo kawaida ni jeusi au kijivu, linaanza kuwa na doa la rangi ya kaa la moto. Zima. Kila sekunde inayopita inakula vali. Kisha fikiri.

Karatasi ya EL84 inasema hivi: volti 250 kwenye anodi, miliampea 48 zinazopita, rizista ya omu 135 chini ya kathodi. Zidisha 250 kwa 0.048 unapata wati 12, nazo ndizo kikomo cha vali hiyo. Huwezi kukata waya kila mara uingize ampmita, lakini huna haja. Pima volti juu ya rizista ya kathodi, mguu wa tatu. Ukisoma 7.2, gawanya kwa 135: miliampea 53, yaani 48 za anodi na tano na ushee za skrini, gridi ya pili ya vali. Afya njema. Ukisoma 12, vali inabeba karibu 89, na wekundu umepata sababu. Kipimo kimoja cha volti, mgawanyo mmoja, na mkondo wote umejulikana bila kugusa lehemu.

Lakini kwa nini inabeba 89? Hapo ndipo wengi wanabadilisha vali, wanapata nafuu ya siku tatu, wanarudi. Fundi anahamia mguu wa pili, gridi, ambao unapaswa kuwa sifuri ukilinganisha na ethi. Akikuta volti chanya, hata mbili tatu, kuna wawili wa kushukiwa. Kapasita inayoleta sauti kutoka hatua ya nyuma inaweza kuwa inavuja, ikipitisha volti za anodi ya jirani mahali zisipotakiwa. Au vali yenyewe imeingiwa na gesi. Namna ya kuwatenganisha ni nzuri hadi inafurahisha: zima, chomoa vali, washa, pima tena pale pale. Volti zikibaki, kapasita ndiyo mwizi. Zikitoweka, ni vali. Angalia tu usiiache ikiwa imewashwa muda mrefu bila vali, maana volti za juu hupanda pasipo mzigo. Kwenye redio za zamani mimi ningeweka dau kwa kapasita. Zile za karatasi hunyonya unyevu, na bonde hili halina uchache wa unyevu. Rizista za kaboni nazo hupanda thamani kwa miaka. Iliyoandikwa kilo-omu 100 unaikuta 160, na hatua nzima ya sauti imezama bila kosa la yeyote. Manyigu ni sura nyingine. Wanapenda soketi tupu za vali kujengea tope, na tope likilowa linapitisha umeme.

Kuna kosa la werevu linalopaswa kutajwa. Rektifaya ya vali ikifa, mtu anaweka dayodi mbili za silikoni, za bei ya andazi. Inafanya kazi, tena kwa nguvu mpya. Lakini dayodi hazipotezi volti kama vali ilivyopoteza, na hazisubiri kupata joto. Waya wa transfoma wa volti 250 una kilele cha 353, na kilele hicho chote kinapiga kwenye kapasita mara tu swichi inapowashwa, vali nyingine zikiwa bado baridi na hakuna anayetumia umeme huo. Kapasita iliyoandikwa 350 inavimba. Mwenye nayo atasema umeme ulikuja mwingi. Ulikuja wa kawaida.

Inveta za sola zimeleta fumbo ambalo mafundi wa zamani hawakulijua. Fundi anapima hita: 6.2, safi. Anapima volti za juu: badala ya 250 anakuta 200 au pungufu. Atashuku rektifaya, atashuku kapasita, atashuku hata mita. Kumbe inveta ya bei nafuu haitoi wimbi la mviringo, inatoa ngazi zenye vilele vifupi. Hita hula joto la jumla la wimbi, rektifaya hufuata kilele. Wimbi moja, walaji wawili, kila mmoja na hesabu yake. Mita rahisi nayo huweza kudanganya kwenye wimbi la namna hiyo, kwa kuwa imetengenezwa ikidhani kila umeme ni wa mviringo. Nikikutana na vipimo vinavyogombana hivyo, nauliza kwanza nyumba inawashwa na nini.

Kutotulia kwa sauti ni elimu nyingine. Volti zote zinaweza kuwa sahihi na bado amplifaya ikapiga mluzi, au ikaanza mdundo wa polepole, put-put-put, kama injini ya boti inayopanda kutoka deltani. Mdundo huo hutokea pale hatua zote za sauti zinapokunywa kutoka kapasita moja iliyochoka: vali ya mwisho ikivuta mkondo, volti zinayumba, vali ya kwanza inauona mtikisiko huo na kuukuza, unarudi mwanzo. Dawa ni kila hatua kupewa akiba yake, rizista ya kilo-omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 22, ili jirani akitikisika wewe usitikisike.

Mluzi unaoanza mara tu vali zinapopata joto, baada ya kuunga waya wa kurudisha sauti kutoka spika hadi mwanzo, una jibu la haraka: nyaya za transfoma ya kutolea sauti zimegeuzwa. Kinachopaswa kupunguza kinaongeza. Badilisha nafasi zake, mluzi unanyamaza.

Mgumu ni ule usiosikika. Vali inapiga mawimbi ya juu kuliko sikio, na mtu anaona dalili tu: sauti ya kukwaruza kwenye noti kubwa, vali yenye joto kupita kiasi, volti zinazobadilika ukisogeza kidole. Chukua redio ndogo, iweke AM katikati ya stesheni, isogeze karibu na sanduku. Mara nyingi ikianza kulia au kunyamaza ghafla unapogusa kitasa cha sauti, umemkamata. Kisha chukua kijiti kikavu cha mwanzi na uanze kusukuma nyaya, mmoja mmoja, amplifaya ikiwa hai. Waya wa gridi unaopita kando ya waya wa anodi utajisema wenyewe. Ufupishe, uulaze sakafuni mwa chasisi, uunge rizista ya kilo-omu chache palepale kwenye mguu wa pili wa EL84, si sentimita tano mbali. Kwenye mchoro sentimita tano hazionekani. Mchoro unaonyesha nani ameungwa na nani. Hauonyeshi nani amelala karibu na nani.

Watu hudhani amplifaya mashuhuri zilibuniwa na wahandisi waliovaa koti jeupe. Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio Fullerton, California, mwaka 1938, na alijifunza kutokana na vilivyoletwa vikiwa vimekufa. Amplifaya ya kwanza ya Marshall, London 1962, iliundwa kwenye duka la vyombo vya muziki na fundi wa matengenezo, Ken Bran, pamoja na kijana Dudley Craven, wakiifuata Fender Bassman na kubadilisha walichopata. Ubunifu wao ulitoka kwenye benchi la mgonjwa.

Kwetu benchi hilo lilikuwa na mtu anayeitwa fundi mitambo. Lebo ya santuri ilitaja bendi na wimbo. Yeye alikaa nyuma ya maspika na bisibisi. Nikimfikiria Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz wakienda Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70, huwa nawaza kuhusu plagi. Umeme wa Osaka ni volti 100 na mizunguko 60. Amplifaya ya vali kutoka nyumbani, ikichomekwa pale bila kugeuza kitufe cha nyuma, ingenong'ona tu. Na ikigeuzwa sawasawa, hata mvumo wake ungehama noti: badala ya kukaribia G, mitetemo 120 ingekaa katikati ya A kali na B, mahali pasipo na freti.

Amplifaya niliyonayo sasa ina mvumo kidogo uliobaki, wa oktavu ya chini. Kijana mpiga solo hataki kuusikia. Ameniambia, "Mzee, hapo kwenye ukimya panaharibu." Nimemjibu, "Mwanangu, vuta gitaa uone kama utausikia tena." Hakuridhika, naye hana makosa, nitasokota upya nyaya za hita na kuipatia ethi nukta moja badala ya mbili. Ndani ya kifuniko cha mninga nimeandika vipimo kwa penseli, kwa ajili ya fundi atakayefungua baadaye. Safu ya kwanza, ukuta ukiwa 228: hita 6.2, anodi 248, kathodi 7.1. Safu ya pili, ukuta ukiwa 190: hita 5.2, anodi 208, kathodi 5.9. Safu ya tatu ni ya inveta, bado haijajazwa. Mwenye inveta ameahidi kuileta Ijumaa baada ya swala.